Taa Ikiyumba, Kipimo Kisiyumbe

Kibaha ina vipima mwanga vingi kuliko watu wanavyodhani. Mkaguzi wa usalama kazini anaingia nacho kiwandani Zegereni kuangalia kama fundi wa mashine anaona vizuri anachokishika. Mfugaji wa kuku wa mayai anakitaka ili ajue kama mwanga wa taa za bandani unafika pale kuku wanapokula. Fundi wa sola ana cha kwake cha kupimia jua. Maabara ya shule ina kolorimita, ya hospitali ina spektrofotomita, na kwenye mitambo ya kusafisha maji, kama ile ya Ruvu Juu kule Mlandizi, tope la maji hupimwa kwa kuyapitishia mwanga. Vyote ni vya ukoo mmoja: ndani kuna kijicho kinachopokea mwanga, nje kuna namba.

Kijicho hicho hakibaki kilivyotoka dukani. Kile kifuniko cheupe cha juu kinageuka njano kwa jua na vumbi, betri inachoka, ukungu wa hewa yetu ya pwani unaota kwenye kioo. Ndiyo maana kifaa kinahitaji ugezi kila baada ya muda: kukiweka mbele ya mwanga, kukilinganisha na kifaa kingine kinachoaminika, na kuandika vimepishana kiasi gani. Hapo ndipo fundi wa Pangani (Pangani hii ya Kibaha, si ile ya Tanga yenye mto na bahari) anapokwama. Anawasha taa, anasoma kifaa cha kwanza, anakitoa, anaweka cha pili, na katika dakika hizo mbili taa yenyewe imeshabadilika. Tofauti anayoiona ni ya vifaa au ni ya taa?

Ushauri wangu ni mmoja, mengine yote ni matawi yake. Usihangaike kutafuta taa isiyobadilika. Hakuna taa hiyo Pangani, na hata wenye maabara za mamilioni hawaiamini ya kwao. Panga usomaji wako kwa namna ambayo mabadiliko ya taa yatajifuta yenyewe.

Ijue taa kwanza

Tuanze na balbu ya waya, ile ya zamani. Umeme wa TANESCO ni volti 230 kwa hesabu ya kitabuni. Jioni watu wakirudi makwao, pasi na majiko yakiwashwa, nyumba iliyo mwisho wa laini inaweza kupata pungufu ya hapo. Sasa, mwanga wa balbu haupungui sawasawa na volti. Unapungua kwa kasi zaidi ya mara tatu. Volti zikishuka kwa asilimia 5, yaani kutoka 230 hadi 218 na nusu, mwanga unashuka kwa asilimia 16 hivi. Jirani akiwasha pampu ya maji katikati ya kazi yako, ugezi wote umekwenda na maji.

Taa ya LED yenye draiva (saketi ya kuilisha umeme) nzuri haisumbuliwi sana na volti, lakini ina tabia yake. Ikiwa baridi inang'aa zaidi, kisha inafifia kadiri inavyopata joto, na huchukua nusu saa au zaidi kutulia. Feni ikigeukia upande wake, inapoa na kung'aa tena. Zile LED za bei ya kutupwa, ambazo draiva zake ni kapasita na rezista mbili tatu, hufuata volti kama balbu, na juu ya hapo hupepesa mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Macho hayaoni kupepesa huko. Vipima mwanga viwili vya kampuni tofauti vinaona, na kila kimoja kinatafuta wastani kwa njia yake, kwa hiyo vinaweza kupishana hata kama vyote ni vizima.

Kwa hiyo kuna kuyumba kwa aina mbili, na ni muhimu uzitenganishe. Kuna taa inayoshuka polepole na kwa utulivu, na kuna taa inayorukaruka. Inayoshuka polepole ni rafiki yako, kwa kuwa unaweza kuibashiri: ukijua ilikuwaje kabla na ilikuwaje baada, unajua ilikuwaje katikati. Inayorukaruka haina dawa ya hesabu. Kwa kazi hii, taa inayofifia taratibu ni bora mara kumi kuliko taa inayong'aa vizuri lakini imeunganishwa kwenye soketi ya jioni.

Kwa sababu hiyo napendekeza uachane na soketi kabisa. Chukua betri ya gari ya volti 12 iliyojaa, na balbu ya indiketa ya wati 21. Balbu hiyo inakula ampea zisizofika 2, kwa hiyo betri haishtuki. Usiitumie betri mara tu inapotoka kwenye chaja, maana ile chaji ya juujuu hushuka haraka mwanzoni. Iache itulie, kisha washa balbu robo saa kabla ya kusoma chochote. Wala usiichaji huku ukipima. Ukifanya hivyo utapata taa inayoshuka kidogo kidogo, bila kuruka, na isiyojua kama Kibaha umeme umekatika au la. Faida nyingine ni kwamba rangi ya mwanga wa balbu ya waya inakaribia ile inayotumika duniani kote kufanyia ugezi wa vipima luksi, kwa hiyo namba zako zitakuwa karibu na zile za cheti cha kiwandani.

Mzee, kijana, mzee

Sasa meza. Chagua chumba kinachoweza kuzibwa madirisha. Funga balbu mahali pasipotikisika, na umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye waya wa balbu weka alama ya mahali kijicho kitakapokaa. Tumia kitu cha kuzuia, kama kipande cha ubao kilichopigiliwa misumari, ili kila kifaa kikirudishwa kikae palepale. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: kwa sentimita 25, kosa la milimita 1 tu linakupa kosa la asilimia 0.8. Watu wengi wanailaumu taa kwa kosa lililofanywa na mkono wao. Na kumbuka kijicho hakiko kwenye ukingo wa kasha la kifaa. Kiko chini ya kile kifuniko cheupe, na kila kampuni imekiweka kwa kina chake.

Jambo jingine ambalo halipewi uzito ni nguo. Ukiwa umevaa shati jeupe au kanzu na kusimama karibu na meza, wewe mwenyewe ni taa ya pili. Ukisogea, namba inasogea. Vaa nguo nyeusi au simama nyuma ya pazia jeusi, na tandika kitambaa cheusi mezani. Kisha fanya jaribio hili: shika kipande kidogo cha kadi nyeusi kati ya balbu na kijicho ili kivuli chake kifunike kijicho tu. Namba inayobaki ni mwanga unaorudi kutoka kuta na dari. Kama ni zaidi ya asilimia 1 au 2 ya namba kamili, ongeza vitambaa. Ukishindwa, itoe kwenye kila usomaji. Mwisho, ziba kijicho kabisa usome sifuri yake. Kama kifaa kinasema luksi 3 gizani, hizo 3 zitolewe kwenye kila namba yake, hata ile ya kadi nyeusi.

Ukishamaliza hayo, kazi yenyewe ni fupi. Kifaa kinachoaminika tukiite mzee, kinachofanyiwa ugezi tukiite kijana. Soma mzee, soma kijana, soma mzee tena, kwa kuachana muda ule ule. Tuseme mzee anasema luksi 412, kijana 398, mzee akirudi 404. Taa imeshuka, hilo liko wazi. Lakini wakati kijana anasoma, mzee angesema kilicho katikati ya 412 na 404, yaani 408. Gawanya 408 kwa 398, unapata 1.025: kijana anasoma pungufu, na kila namba yake izidishwe kwa 1.025. Fundi aliyeishia kwenye usomaji wa kwanza na wa pili angegawanya 412 kwa 398 akapata 1.035. Aliyeanza na kijana akamalizia na mzee angepata 1.015. Tofauti kati yao ni asilimia 2 nzima, na yote ni ya taa, hakuna hata chembe ya kifaa.

Muda sawa ndio moyo wa jambo hili. Ukisoma mzee saa nne na dakika kumi, kijana na dakika kumi na moja, mzee na dakika kumi na mbili, katikati ni katikati kweli. Simu ikiita ukapokea, ukamrudia mzee baada ya dakika saba, huna katikati tena. Futa, anza upya. Haina aibu, wala haigharimu kitu.

Usiishie hapo lakini. Endelea: mzee, kijana, mzee, kijana, mzee. Kila kijana akiwa amezungukwa na wazee wawili, unapata jibu lake. Majibu yakikubaliana ndani ya nusu ya asilimia, una ugezi. Yakipishana kwa asilimia 2 au 3, taa inarukaruka, au mkono wako haurudishi kifaa palepale, na hapo hakuna wastani utakaokuokoa. Wapo wanaochukua namba kumi mbovu na kuzigawanya kwa kumi wakidhani wingi umezitakasa. Mimi siwasikilizi. Tatu zinazokubaliana ni bora kuliko kumi zinazogombana.

Mlinzi wa taa

Ipo njia ya pili, na kwa kazi ya kila siku naiona tamu zaidi. Weka kifaa cha tatu karibu na taa, kikiwa kimefungwa, kisichoguswa mwanzo hadi mwisho. Hicho ni mlinzi. Kila unaposoma mzee au kijana, soma na mlinzi sekunde hiyo hiyo, kisha gawanya. Taa ikishuka, mlinzi naye anashuka, na mgawo unabaki palepale. Mlinzi hahitaji kuwa sahihi. Anahitaji kuwa mtulivu tu.

Habari njema ni kwamba mlinzi unaweza kumtengeneza kwa takataka. Ile taa ndogo ya sola iliyokufa betri, ambayo kila nyumba inayo moja kwenye kabati, ina kipaneli. Kitoe, kiunge kwenye maltimita, na upime ampea, si volti. Hapa wengi hukosea. Ampea za kipaneli kilichofungwa mzunguko hufuata mwanga sawasawa: mwanga ukipungua nusu, nazo zinapungua nusu. Volti za kipaneli kisichobebeshwa mzigo hupungua kidogo tu, kwa hiyo zitakuficha ukweli.

Tuseme kwa taa ya LED nyeupe, mzee anasoma 412 na mlinzi miliampea 51.5, mgawo ni 8.00. Kijana anasoma 398 na mlinzi 51.0, mgawo ni 7.80. Gawanya wa kwanza kwa wa pili, unarudi kwenye ile ile 1.025, na safari hii simu ingeita ungeipokea bila wasiwasi.

Kuna onyo moja, na ndiyo sababu nimesema LED. Kipaneli cha sola kinaona mwanga wa joto ambao jicho la binadamu haliuoni, na balbu ya waya inatoa zaidi mwanga wa aina hiyo kuliko ule unaoonekana. Volti zikishuka, mwanga unaoonekana unapungua haraka, ule wa joto unapungua taratibu. Mlinzi atakuambia taa imeshuka kidogo kuliko walivyoona mzee na kijana. Kwa hiyo balbu ya indiketa ipimwe kwa mtindo wa mzee, kijana, mzee. Mlinzi wa kipaneli mkabidhi LED nyeupe, ambayo haina joto hilo. Mlinzi asikae mahali ambapo vifaa vinavyobadilishwa vinamtupia kivuli au kumrudishia mwanga. Ubavuni au nyuma kidogo ya taa panatosha.

Mbinu hiyo si ya mafundi wa mtaani peke yao. Vipima tope vya maji vilivyotengenezwa vizuri vina vijicho viwili au zaidi: kimoja kinasoma mwanga uliotawanywa na tope, kingine kinasoma uliopita moja kwa moja, na mashine inagawanya. Taa ikizeeka, vyote viwili vinapungua, na namba ya tope inabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yawe chini ya kipimo 1 cha tope kabla ya kutiwa klorini, kwa hiyo kosa dogo huko si la kupuuzwa.

Jua nalo ni taa

Fundi wa sola atauliza: jua je? Jua la adhuhuri likiwa wazi linatoa luksi kama 100,000, balbu gani itafika huko? Kweli, ila anga la Pangani lina mawingu madogo madogo yanayokuja kutoka baharini, na wingu halishuki polepole. Linakuja na kuondoka. Mzee, kijana, mzee haifanyi kazi chini ya anga hilo. Hapo lazima usome vyote viwili kwa wakati mmoja, vikiwa ubavu kwa ubavu, mtu akihesabu kwa sauti na wawili wakiandika kwa pamoja. Ni kama kupima vitambaa viwili kwa kamba inayovutika: ukivilaza pamoja, kamba ivutike itakavyo.

Usomaji wa pamoja unaondoa tatizo la wakati lakini unaleta la mahali. Kushoto na kulia si pamoja, hasa ukiwa ndani ya chumba au karibu na ukuta mweupe. Dawa ni kubadilishana nafasi. Tuseme mzee akiwa kushoto anasoma 250 na kijana kulia 240: mgawo ni 1.042. Unawabadilisha, mzee kulia anasoma 242, kijana kushoto 240: mgawo ni 1.008. Zidisha migawo hiyo miwili, tafuta kipeuo cha pili, unapata 1.025. Upendeleo wa kushoto umejifuta, kama ulivyojifuta ule wa taa kule mwanzo. Ukiwa na haraka, wastani wa kawaida unatosha, kwa tofauti ndogo kama hizi majibu ni yale yale.

Ukidhani huu ni ujanja wa maskini, tazama Davos, Uswisi. Kila baada ya miaka 5 wataalamu wa hali ya hewa kutoka mabara yote hukusanyika huko na vifaa vyao vya kupimia jua. Hawana jua la akiba lisiloyumba. Wanavielekeza vifaa vyote kwenye jua lile lile kwa pamoja, wanasoma kwa wakati mmoja, na kulinganisha na kundi la vifaa vinavyotunzwa hapo kama kiwango cha dunia.

Hata historia ya kazi hii inaelekea huko. Mfaransa Pierre Bouguer, ambaye kitabu chake cha kwanza cha kupima mwanga kilitoka mwaka 1729, aliona kwamba jicho halijui kusema mwanga ni mkali kiasi gani, lakini linajua sana kusema kama nyuso mbili zilizo jirani zina mwanga sawa. Baada yake dunia ilipoteza muda mrefu kutafuta taa ya kuapia: mishumaa ya uzito maalumu, taa za mafuta, mpaka madini ya platinamu yaliyoyeyushwa. Mwaka 1979 kipimo cha kandela kikaachana na taa zote na kufungwa kwenye nishati ya mwanga wa kijani, lumeni 683 kwa kila wati moja. Na mwaka 1992 maabara ya viwango ya Marekani, NIST, ikaanza kukijenga kipimo hicho kwa vijicho badala ya taa. Kwa maneno mengine, wakubwa nao waliamua kumwamini mzee, si balbu.

Kwa wenye maabara

Kolorimita nyingi za shule na zahanati zina njia moja tu ya mwanga, kwa hiyo unasoma blanki kwanza (kimiminika kisicho na kile unachokipima), kisha sampuli. Kati ya viwili hivyo taa inayumba. Ikishuka kwa asilimia 2, namba ya ufyonzaji wa mwanga inaongezeka kwa 0.009 hivi. Unaweza kusema ni ndogo. Kwa sampuli yenye ufyonzaji wa 0.500 ni chini ya asilimia 2, sawa. Kwa sampuli nyepesi ya 0.100 ni karibu asilimia 9, na hiyo inaweza kubadilisha jibu la mgonjwa au kumnyima mwanafunzi mstari ulionyooka kwenye grafu yake.

Dawa ni ile ile: blanki, sampuli, blanki. Kwa foleni ndefu, rudisha blanki baada ya kila sampuli tatu au nne na ugawanye kuyumba kwa nafasi zake. Kosa ninalolichukia zaidi ni la kubonyeza kitufe cha sifuri kila blanki inaporudi. Unapobonyeza, unafuta ushahidi. Iandike kwanza namba ambayo blanki imeonyesha kabla ya kusawazisha, kwa kuwa hiyo ndiyo inayokuambia taa imetembea kiasi gani wakati wa sampuli zilizopita. Tumia kiuveti kimoja kwa upande ule ule, kifute kwa kitambaa laini, na usifungue kifuniko cha mashine chini ya dirisha lenye jua.

Wauguzi wa wodi ya watoto wachanga nawatenga kidogo, kwa sababu kwao kuyumba kwa taa si kero ya kufutwa; ndiyo habari yenyewe. Taa za bluu za kutibu manjano hupungua nguvu kadiri saa zinavyokwenda, na kazi ya kipimo ni kulisema hilo. Kiwango kinachotajwa kwa tiba kali ni maikrowati 30 na kuendelea kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita. Msitumie kipima luksi hapo. Kipima luksi kimetengenezwa kuiga jicho, na kwenye bluu ya nanomita 460 jicho linahesabu kama asilimia 6 tu ya linavyohesabu kijani. Taa inaweza kuwa imekufa nusu kwa mtoto na namba ikabaki inapendeza. Kipimo maalumu cha taa hizo kipo, nacho kilinganishwe na mwenzake kwa mtindo wa mlinzi niliousema.

Swali linalobaki hapo ni nani mgonjwa, taa au kipima? Kwa vifaa viwili huwezi kujua, maana vikipishana kila kimoja kinamlaumu mwenzake. Ukiwa na vitatu, wawili wakikubaliana, wa tatu ndiye wa kuchunguzwa. Kituo kisicho na kifaa cha tatu kiazime kwa jirani.

Usahihi wa kiasi gani?

Mfugaji wa kuku wa mayai anataka saa 16 za mwanga kwa siku, na luksi 10 hadi 20 usawa wa kuku. Kama kipima chake kimekosea kwa asilimia 10, kuku hatajua. Yeye asipoteze Jumamosi yake kwenye habari za mlinzi na mzee; alinganishe mara moja kwa mwaka na kifaa cha rafiki, basi. Darasa linalotakiwa luksi 300 nalo linavumilia, isipokuwa namba inapokuwa mpakani na kuna mtu wa kulipishwa faini. Hapo asilimia 5 zinageuka kuwa kesi.

Rangi ya mwanga nayo isisahaulike. Uwiano ulioupata kwa balbu ya indiketa ni wa balbu ya indiketa. Kifaa cha bei nafuu kinaweza kukubaliana na mzee chini ya balbu ya waya na kupishana naye sana chini ya LED nyeupe au ya rangi. Tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ililiona hilo na mwaka 2023 ikatoa mwanga wa rejea wa LED kwa ajili ya ugezi. Wewe fanya rahisi: linganisha chini ya aina ya taa utakayokwenda kuipima, na andika ni taa gani.

Mzee mwenyewe anahitaji matunzo. Asiende kazini, kazi yake ni kulinganisha tu. Akae kwenye boksi lenye giza, lililofungwa, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na betri itolewe ndani yake. Cheti chake kitoke mahali panapotambulika. Kituo cha Wakala wa Vipimo kilichopo Misugusugu kinajulikana kwa kupima matanki ya magari ya mafuta na dira za maji, si vipima mwanga, kwa hiyo usipande bodaboda kwenda huko na kifaa chako mfukoni. Anzia kwa Shirika la Viwango Tanzania, Ubungo, na unapoomba huduma taja aina ya kifaa, masafa ya luksi unayoyahitaji na aina ya taa. Cheti kisichosema ugezi ulifanywa chini ya taa gani kina thamani ndogo kwako.

Ukishapata uwiano, usiguse ile skrubu ndogo iliyo nyuma ya kifaa ukajaribu kukilazimisha kisome sawa. Kila ukiigusa unavunja historia ya kifaa, na mwakani hutajua kama kimebadilika chenyewe au ulikibadilisha wewe. Bandika karatasi mgongoni: uwiano 1.025, balbu ya volti 12, luksi 400, tarehe. Kwenye daftari andika namba zote za mzee na kijana kwa mfuatano wake, saa, joto la chumba na volti za betri mwanzo na mwisho. Uwiano wa mwaka huu ukiwa 1.025 na wa mwaka ujao 1.031, kijicho kinazeeka kwa kawaida yake. Ukiruka hadi 1.090, futa kifuniko cheupe, badilisha betri, rudia kazi yote toka mwanzo, na ikibaki vile vile ndipo ukifunge kifaa kwenye boksi na kukipeleka Ubungo.